Ujumbe wa Nabwire Nilioufuta

Adungosi, alasiri, kesho unaondoka

Apolot mwanangu,

Shangazi yako Imelda amekaa na begi lako tangu asubuhi. Ametoa sweta, amerudisha sweta, amehesabu vyeti vyako mara tatu, na nimemsikia akikueleza namna ya kuishi na watu usiowajua na siku gani umpigie simu. Mambo hayo ameniondolea na ninamshukuru, maana mimi sina cha kukufundisha huko. Sijawahi kupanda ndege. Mbali kabisa nilikowahi kufika ni ile hospitali nilikompeleka mama yako, na habari ya hospitali hiyo ndiyo iliyonikalisha mezani mchana huu, nikachukua kalamu.

Mwaka jana ulinisomea ile barua uliyoandikia chuo ukiomba nafasi. Uliisoma kwa Kiingereza, kisha ukanieleza kila sehemu kwa Kiswahili ili nisipitwe. Uliandika kwamba mama yako alifariki kwa sababu mashine ya mionzi iliharibika katikati ya matibabu, na aliyekuwa na zamu hakujua kazi yake. Kwamba ndiyo sababu umechagua kusomea fizikia ya tiba, na katika fizikia hiyo umechagua kazi ya kuiga vipima mionzi kwa kompyuta, ili ijulikane mapema vinasema kweli au vinadanganya. Ulipomaliza uliniangalia ukauliza, "Ni sawa, Papa? Nimeandika ukweli?"

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikasema, "Ni sawa."

Haikuwa sawa. Mashine haikuharibika. Yule msichana, jina lake Nabwire, alijua kazi yake kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye katika mambo ya mionzi. Aliyemtoa mama yako kwenye matibabu ni mimi, na nilipopata nafasi ya kumrudisha sikumrudisha. Nimeandika sentensi hizi kwanza ili nisije nikapoteza ujasiri njiani. Sasa nitakueleza ilivyokuwa.

Unajua kazi niliyofanya Malaba, lakini hujui nilivyokuwa nayo. Nilikuwa mpiga picha za eksirei katika kliniki ndogo, karibu na mahali malori yanapopanga foleni ya kuvuka mpaka. Madereva walikuja na vifua vyao, mbavu zilizogongwa, vidole vilivyobanwa na mlango wa trela. Waliniita daktari. Sikuwa daktari, na hakuna siku niliyowasahihisha. Mashine yetu ilikuwa kuukuu. Niliisikiliza ikinguruma, nikaongeza hapa, nikapunguza pale, picha ikatoka. Ikitoka vibaya nilisema mgonjwa alitikisika, nikapiga nyingine. Dereva akiniuliza, "Boss, una hakika hakuna kitu kimevunjika?" nilijibu kabla hajafunga mdomo: "Nina hakika." Wakati mwingine sikuwa na hakika. Nilipenda tu namna nyuso zao zilivyolegea niliposema hivyo, na miaka kumi na tisa ya kusema hivyo ikaniharibu.

Mama yako hakuwa hivyo. Alikuwa mtu wa kuuliza. Kila alipovuka asubuhi kuchukua vitenge upande wa Uganda alikikunjua kila kimoja, akakiangalia kwenye mwanga, akauliza kama rangi itachuja, na wenye maduka walimzoea. Lakini juu ya mwili wake mwenyewe hakuuliza. Alianza kutokwa damu wakati usio wake, akanificha kwa miezi. Mimi mtu wa hospitali, nililala kando yake, na sikumwuliza kwa nini anafua shuka alfajiri kabla watu hawajaamka. Alipokuja kusema, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa tayari imeshika. Daktari alisema bado inatibika. Alisema hivyo mbele yetu wote wawili, na nataka ulijue hilo: ilikuwa inatibika. Dawa yake kuu ilikuwa mionzi, siku tano kwa wiki, wiki baada ya wiki, bila kuruka.

Wewe ulikuwa kidato cha pili, bweni. Tulikuambia mama anatibiwa tumbo. Huo nao ulikuwa uamuzi wangu.

Tulipata chumba kwa watu wa kanisa karibu na hospitali. Wiki mbili za mwanzo zilikwenda vizuri. Mama yako alichoka, chakula kilimkataa, lakini kila asubuhi alijifunga kitenge safi, akanitania kwamba sasa ni zamu yake kupigwa picha. Kufikia wiki ya tatu alikuwa amepungua sana, na nguo zilimning'inia. Wakampima upya, wakasema lazima wampangie mionzi upya ili ilingane na mwili alio nao sasa.

Asubuhi ya kuanza mpango huo mpya tulikaa kwenye benchi na wagonjwa wengine. Nabwire akatoka. Alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, mikono ya koti jeupe ikimzidi urefu. Tulishamjua kidogo, ni mtu wa Nambale, na mama yako alikuwa amefurahi kupata mtu wa nyumbani huko mbali.

"Mzee Ekisa, mama, mnisamehe," alisema. "Leo hatutawasha."

"Kwa nini?"

"Nimeujaribu mpango mpya wa mama kwenye mashine kabla yeye hajalala kitandani. Kompyuta inasema dozi hii, bamba linasoma dozi nyingine. Hazilingani."

Bamba alilolisema unalijua vizuri sasa kuliko mimi. Ni lile la bapa linalokaa upande wa pili wa kitanda na kupokea mionzi. Lilifanana na bamba nililowasimamishia madereva kifuani kule Malaba, kwa hiyo nikajiona mwenyeji.

"Linasoma zaidi au pungufu?"

"Zaidi."

"Basi mashine inamchoma mke wangu."

"Huenda, mzee. Huenda pia bamba ndilo linalosoma vibaya. Sijui bado."

Neno hilo lilinipanda kichwani. "Hujui? Umevaa koti, uko hapa, na hujui?"

Hakukasirika. Alichuchumaa mbele ya benchi ili awe sawa na mama yako, akaeleza polepole. Alisema bamba lile lilitengenezwa kwa ajili ya kupiga picha, na ndani yake lina tabaka linaloitikia mionzi dhaifu kupita vile mwili wa mtu unavyoitikia. Mpango mpya wa mama ulikuwa na mionzi mingi iliyotawanyika, kwa hiyo pengine bamba lilikuwa linapiga kelele bure. Kipimo kingine, kile kidogo kinachotumbukizwa kwenye maji, kilikuwa kimepelekwa kukaguliwa na kingerudi wiki iliyofuata. Hakutaka kungoja hadi hapo.

"Nitaliiga bamba lote ndani ya kompyuta," alisema, "tabaka kwa tabaka. Halafu nitarusha mionzi, chembe moja moja, mamilioni, nifuate kila chembe inagonga wapi. Nione bamba lingesoma nini kama mashine ni nzima. Likisoma kama lilivyosoma leo, tutajua mashine haina kosa na mama ataendelea."

"Siku ngapi?"

"Kompyuta zetu ni chache. Nne. Pengine tano."

Nikasimama. Watu wote kwenye benchi walikuwa wanatutazama. Nikamwambia mimi nimefanya kazi ya mionzi tangu yeye akiwa shule ya msingi, na sijawahi kungoja kompyuta icheze michezo ndipo nijue mashine yangu ni nzima. Nikamwambia bamba ni la picha, halipimi dozi, mtoto yeyote wa kazi hii anajua.

"Ndiyo, mzee, uko karibu sana na ninachosema," alijibu. "Hicho hicho ndicho nataka kukihesabu, linapima vibaya kiasi gani. Nikiwasha leo bila kujua, nitakuwa nabahatisha na mwili wa mama."

Mama yako akanishika mkono. "Baba Apolot, tungoje tu. Siku nne si nyingi."

Nikamwambia anyamaze, yeye ni wa vitenge, haya hayajui. Katika ndoa yetu yote sikuwa nimewahi kumwambia hivyo mbele za watu. Aliuondoa mkono wake kwenye mkono wangu, akaiangalia sakafu.

Nabwire alitufuata mpaka langoni. "Mzee, usimpeleke mbali, tafadhali. Tiba hii ikikatika katikati ugonjwa unapata nafasi. Niachie namba yako, nikimaliza tu nakupigia." Nikampa namba yangu ili atuache. Hakumwomba mama yako namba yake. Jioni hiyo tulikuwa nyumbani Adungosi.

Majirani walikuja kumsalimu mgonjwa, wakauliza mbona tumerudi mapema. Ningeweza kusema tumepewa siku nne. Nikasema mashine yao imeharibika, inachoma watu, na wameikabidhi kwa mwanafunzi. Kila nilipoisimulia habari hiyo niliongeza kidogo. Siku ya tatu nilikuwa nasema kama vile nilimwona mtu akiungua kwa macho yangu. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameandikiwa kwenda kutibiwa hukohuko aliletwa kwangu na ndugu zake, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa eksirei. Aliniuliza kama aende. Nilimwambia afikirie vizuri. Sijui aliamua nini. Sikumtafuta tena, na uso wake naukumbuka mpaka leo.

Siku ya nne nilikuwa kazini Malaba. Simu ililia mara mbili kwa namba nisiyoijua, nikahisi ni yeye, nikaiacha. Kisha ukaja ujumbe. Nilikuwa na dereva amesimama bila shati, kifua kwenye bamba. Nikatoka uani nikausoma. Uliandikwa hivi, ninaukumbuka neno kwa neno:

"Mzee Ekisa, habari. Hesabu imekwisha. Bamba ndilo lililosoma zaidi, mashine ni nzima. Nimewaonyesha wakubwa wangu wamekubali. Mlete mama Jumatatu asubuhi, nafasi yake ipo. Nabwire."

Apolot, nimejaribu mara nyingi kujifanya kwamba siku hiyo sikuelewa. Nilielewa. Hata furaha nilisikia, kama sekunde mbili. Halafu nikaanza kuwaza nitamwambia nani kwanza. Majirani niliokuwa nimewaambia mashine inachoma. Ndugu za yule mwanamke. Mama yako, niliyemwambia anyamaze. Na Nabwire mwenyewe, ningepita mlango ule na wale wa kwenye benchi wakanitazama nikiingia. Nilijiona nikipita mlango ule. Nikaufuta ujumbe. Nikarudi ndani nikamwambia dereva, "Vuta pumzi. Shika. Achia." Picha ilitoka safi.

Jioni nilimkuta mama yako mkekani anakunja vitenge vyake, ingawa hakuwa na nguvu ya kwenda navyo sokoni.

"Yule msichana hajapiga?" aliniuliza.

"Hajapiga."

"Alisema siku nne."

"Watu husema tu."

Alikunja kingine, akakilainisha kwa kiganja. "Labda hesabu imekuwa ngumu," alisema. "Atapiga."

Aliuliza tena kesho yake, na siku iliyofuata. Wiki ya pili hakuuliza. Nabwire alipiga tena na tena, nami nikaizima simu nilipokuwa nyumbani. Nilizunguka kumtafutia nafasi hospitali nyingine, nikijiambia kwamba hilo ndilo jambo la busara, mashine nyingine, watu wengine. Foleni ilikuwa ndefu. Nafasi ilipopatikana daktari wa huko alimpima, akanitoa nje ya chumba, akasema sasa watatibu maumivu tu. Aliniuliza kwa nini matibabu ya kwanza yalikatwa katikati. Nikasema mashine iliharibika. Akaandika hivyo.

Mwisho wake uliuona mwenyewe; ilikuwa likizo na wewe ndiye uliyekuwa unamlisha uji kwa kijiko. Sitakurudisha huko. Nitakuambia tu kwamba siku mbili kabla hajafa aliomba nimwite jina lake, Konsolata, si mama Apolot. Nikamwita. Akasema, "Usijilaumu kwa ile hospitali. Ulikuwa unanihurumia." Hapo ndipo ningesema. Alikuwa amenifungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Nikamfunika blanketi nikasema alale.

Baada ya mazishi ulikuja nyuma ya jiko na sweta yako ya shule, ukaniuliza, "Papa, nani alikuwa anaendesha ile mashine?" Nikasema ni msichana fulani, hakujua kazi. Ulitingisha kichwa, ukaondoka. Muhula uliofuata mwalimu wako wa fizikia alinipigia kuniuliza umepatwa na nini, maana husomi kitu kingine. Watu walinipongeza. Waliniambia mtoto amebadilisha uchungu kuwa kazi. Nilipokea pongezi zile kama mtu anayepokea mzigo wa mwenzake kimakosa na kuondoka nao.

Unakumbuka Desemba, ulipofungua kompyuta yako hapa mezani kunionyesha kazi yako? Ulilichora bamba tabaka kwa tabaka kwa rangi. Ulinionyesha mistari myembamba ikiingia, mingine ikipita, mingine ikikatika na kuyumba pembeni. Ukasema kila mstari ni chembe moja na kompyuta inabahatisha njia yake kwa kanuni za fizikia, na ukizirusha nyingi vya kutosha, bahati yote inageuka kuwa jibu. Kisha ukasema, "Shida, Papa, bamba linaitikia mionzi dhaifu kupita kiasi. Mtu asiyejua atadhani mashine ndiyo mbaya."

Nikainuka, nikasema naenda kuangalia ng'ombe. Ulidhani nimechoshwa na masomo. Nilikwenda kusimama zizini nimeshika mti wa lango, kwa sababu nilikuwa nimesikia maneno ya Nabwire kutoka mdomoni mwako, na ulikuwa umefika kwenye ukweli peke yako, kwa akili yako, isipokuwa hukujua kwamba ni ukweli wa mama yako.

Mwezi uliopita nilikuambia nakwenda Busia kutengenezwa jino. Nilikwenda kumtafuta Nabwire kwenye hospitali ile. Nisamehe na uongo huo pia. Nilidhani atakuwa ameshahama, lakini yuko palepale, sasa ni mkubwa wa idara na koti linamkaa. Nilisema jina langu mlangoni. Hakungoja nimalize.

"Ekisa wa Malaba," alisema. "Mume wa mama Konsolata. Yuko wapi?"

Miaka minane, Apolot, na alikumbuka jina. Nikamwambia. Akakaa chini, akavua miwani.

"Nilipiga sana," alisema.

"Niliona."

"Na ujumbe?"

"Niliusoma. Niliusoma dakika ile ile."

Aliifuta miwani kwa pindo la koti. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini. Aliniambia kwamba miaka yote hiyo alidhani kosa ni lake. Alidhani angesema tu kuna kitu kidogo kinarekebishwa, tusingeondoka. "Kwa muda mrefu nilikuwa naogopa kumwambia mgonjwa kwamba sijui," alisema. "Nilikuwa nikifika mlangoni namwona mama pale kwenye benchi." Sikuwa nimewahi kuwaza kwamba kufuta kwangu kulimfikia na yeye. Nilifikiri niliyemdhulumu ni mmoja.

Halafu alinionyesha chumba chao cha hesabu. Alisema tangu wakati ule wameyaiga mabamba yao yote mapema, kabla mgonjwa hajafika, kwa mipango ya kila namna, na tofauti ikitokea sasa wanafungua faili na kuona jibu mara moja. Aliianza kazi hiyo mwezi ule ule tuliomwacha. Hakuna mgonjwa anayengoja siku nne tena. Aliongea bila kujivuna, kama mtu anayeeleza mahali alipoweka funguo.

Nilimwomba msamaha. Alisema sehemu yake amenisamehe, na machozi yalimtoka akisema. Kisha akauliza kama tulikuwa na mtoto. Nikamwambia kuhusu wewe, na unakwenda kusomea nini.

"Kuiga vipima mionzi?"

"Hivyo hivyo."

Alicheka akilia. "Amejua?"

"Hapana."

"Mzee, mwambie kabla hajaondoka," alisema. "Asiende huko kutafuta kosa ambalo halikuwepo, akaacha lile lililokuwepo."

Nimechukua mwezi mzima tangu siku hiyo, na hata leo asubuhi nilikuwa najitafutia kazi shambani.

Sikuandikii ili uache masomo. Kazi uliyochagua ni ya kweli. Kama isingekuwa ya kweli Nabwire asingekuwa na jibu la kunitumia siku ya nne. Lakini sababu niliyokupa ya kuipenda ilikuwa ya uongo, na sijui mtu anafanya nini anapogundua hivyo. Pengine utaipata sababu nyingine. Pengine utakaa muda bila sababu, na hilo nalo nimelisababisha mimi.

Kitu kimoja tu nitakuomba, na nakuomba kwa sababu nimekaa upande wa pili wa mlango huo. Siku moja utavaa koti, vipimo vitakataa kulingana, na utatoka kumwambia mgonjwa kwamba hujui bado. Kutakuwa na mwanamume amesimama, anapiga kelele, anajua kila kitu. Mjibu kwa heshima, lakini usihangaike naye sana. Mtafute mgonjwa mwenyewe. Kaa chini, mweleze yeye, na namba yako uiandike kwenye karatasi umpe yeye mkononi, na yake uichukue. Mama yako alikuwa na simu. Ilikuwa kwenye kikapu, chini ya vitenge, na ilikuwa na chaji. Kama ujumbe ule ungeingia kwenye simu hiyo, Jumatatu angeamka mapema, angejifunga, na angekwenda, na mimi ningemfuata nyuma nikinung'unika.

Kuhusu mimi, ukiwa na hasira, usizifiche ili kunihurumia. Nimehurumiwa na mtu aliyekuwa anakufa, na sikustahili. Barua uliyoandikia chuo, kama unaona lazima uisahihishe, isahihishe, na jina langu uliweke. Imelda nitamwambia mwenyewe. Katekista nitamwambia Jumapili, na majirani baada ya ibada, wale waliobaki hai kati ya wale walionisikiliza. Sitasubiri wewe uondoke ndipo nitafute njia ya kukwepa.

Mpango wangu ulikuwa kuificha barua hii uikute ukiwa umeshafika huko, mbali, mahali ambapo huwezi kunitazama. Ningekupiga kwa ukweli halafu nikabaki salama nyumbani. Nimeona mchana huu kwamba huo ungekuwa mtindo wangu wa siku zote, kumwachia mwingine kubeba peke yake. Kwa hiyo nakuletea sasa hivi, jua likiwa bado juu. Utaisomea chumbani, mimi nitakaa nje. Ukitaka kuniuliza jambo lolote, hata lile baya zaidi, niulize, nitajibu nilichofanya na sitaongeza kitu. Kama nina jambo sijui, nitakuambia sijui. Na kama kesho asubuhi hutaki nikusindikize hadi Malaba, sema tu. Nitakubali, nitabaki, nitakusikia ukitoka.

Papa yako,
Silvester Ekisa